Nane Juu ya Kumi

Kama wewe ni maman ambaye kesho au keshokutwa watakukalisha kwenye benchi la hospitali, wakupe kalamu na karatasi ya maulizo, wakuambie useme wewe mwenyewe maisha yako yamefika wapi, basi haya ni yako. Mimi si munganga wa hospitali. Nilimaliza la sita primaire, kisha miaka miwili ya ushonaji kwa masista, basi. Dawa zilizopita ndani ya mwili wangu sitazieleza. Hata majina yake nilikuwa ninayanakili kwenye chupa herufi kwa herufi, na labda nilikosea. Ninachokijua ni kile cha benchini. Na hata hicho, waliokaa pale nami wanaweza kusema, Maman Esther amesahau hili, ameongeza lile. Wana haki yao. Nimefungua kaye yangu, daftari langu la kazi, mbele yangu ili nisiongeze.

Kaye yenyewe ni ya vipimo. Mimi ni mushonaji, hapa Kasha, juu Bagira, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kila anayekuja ninamuandika kifua, kiuno, makalio, urefu wa mukono. Sista aliyetufundisha alikuwa na sheria moja: usiandike kipimo ambacho mutu anakuambia, andika kile metre inasema. Sababu kila maman atakuambia kiuno chake ni kile cha siku ya ndoa yake. Unacheka naye, unazungusha metre, unaandika ukweli. Nguo iliyokatwa kwa uongo itapasukia kanisani, mbele ya watu. Nimeshona miaka kumi na tisa, na sikuandika uongo juu ya mwili wa mutu hata mumoja.

Uvimbe niliupata kwa metre hiyohiyo, mwanzo wa mvua, nilipokuwa ninajipima blauzi. Kabla ya Noeli ziwa la kushoto liliondolewa. Sitakaa sana hapo. Nitasema tu kwamba siku walipotoa kitambaa cha kidonda nilijipima tena, peke yangu chumbani, na metre ambayo zamani ilipanda na kushuka, upande mumoja ilipita tambarare kama juu ya meza. Niliandika namba. Pembeni nikaandika jina langu, kama ninavyoandika jina la kila mutu, ili nguo zisichanganyike.

Mwezi wa pili ikaanza dawa ya kuingizwa kwenye mishipa. Kila majuma matatu, mara nane: mara nne ile nyekundu kama sharubati ya grenadine, mara nne ile ya pili, isiyo na rangi, kama maji. Nyekundu ilichukua nywele, ikachukua kope, ikachukua na hamu ya sambaza, dagaa wetu wa hapa, mimi ambaye nilikuwa ninawala mpaka kichwa. Ile ya maji, watu walisema ni ya upole.

Benchi letu lilikuwa chini ya bati, mbele ya mulango wenye pazia la kijani. Mvua ikinyesha, bati linapiga kelele mpaka hausikii jina lako likiitwa, kwa hiyo tulipatana: anayekaa karibu na mulango anawasikilizia wote. Mara nyingi alikuwa Maman Nabintu, mulimaji wa Nyangezi, muzee kidogo kuliko mimi, mwenye ugonjwa kama wangu na kinywa kisichochoka. Kila mara alikuja na muwa uliomenywa, umefungwa ndani ya kitambaa safi, akatukatia vipande, sababu dawa ile inaacha ladha ya musumari kinywani. Unanyonya, na kwa dakika tano unarudia kuwa mutu anayesikia utamu. Ninaliandika hilo kwanza, sababu nitamutaja pia kwa lingine, na sitaki mutu amuhukumu bila kujua habari ya muwa.

Siku ya kwanza kabisa, infirmière, muuguzi wetu, Madame Odette, alitoka na karatasi mukononi. Zilikuwa na maulizo kwa Kifaransa, na chini yake kwa Kiswahili kile cha mbali. Juma lililopita ulikuwa na maumivu? Ulilala? Ulikula? Ulisikia ganzi mikononi au miguuni? Ugonjwa ulisumbua jamaa yako? Unachagua: hapana kabisa, kidogo, sana, sana kabisa. Mwisho kuna mustari wenye namba, kutoka ziro mpaka kumi, na ulizo moja kubwa: kwa jumla, wewe mwenyewe, unasema maisha yako ya juma hili yalikuwa mazuri kiasi gani? Unazungushia namba.

"Bamaman, hii haiko examen," Madame Odette alisema. "Hakuna jibu nzuri, hakuna jibu mubaya. Kila mutu aandike ya kwake."

"Mwalimu wangu wa la tatu njo alisemaka vile," Maman Nabintu akaninong'oneza. "Kisha akanipiga fimbo."

Upande wangu mwingine alikaa Maman Zawadi, muke kijana wa Luvungi, kule wanakolima muchele. Yeye alikuwa ametutangulia, alikuwa tayari kwenye dawa ya maji. Aliandika bila kuficha karatasi. Nikachungulia. Alizungushia mbili.

"Deux?" Maman Nabintu akashituka. "Mutoto wangu, utaanguka!"

"Maman, miguu inaniwaka kama vile nakanyaga makala ya moto. Sasa niandike nini?"

Mimi niliandika sita. Nilifikiri sana mbele ya kuandika. Niliweka upande huu kidonda na usingizi mubaya, upande ule watoto wazima na nyumba isiyovuja, na sita ikaonekana haimuonei mutu. Ilikuwa namba yangu ya kweli ya mwisho kwa muda murefu.

Mume wangu, Papa Esther, ni mwalimu wa primaire. Akirudi muchana anakaa mezani kusahihisha makaye ya watoto kwa biki nyekundu. Nilipomueleza habari ya karatasi, akaniuliza bila kuinua kichwa, kama anavyowauliza watoto wetu siku ya kuleta bulletin ya alama:

"Umepata ngapi?"

"Six sur dix."

"Mm. Satisfaction. Mwanafunzi anaweza kufanya vizuri zaidi."

Alikuwa anacheka. Binti yetu Esther, ambaye ana miaka kumi na tano, naye akacheka. Tangu operesheni hakuna aliyekuwa amecheka mezani kwetu. Nilipenda sana kicheko kile. Nikatamani kuwaletea kingine.

Majuma matatu yakapita. Maman Zawadi hakuwa benchini. Tukasema labda barabara ya kule uwandani ni mubaya, inafika hivyo.

"Balimufukuza," Maman Nabintu akasema.

"Nani alikuambia?"

"Nani aniambie? Si alipata deux? Mutu wa deux, dawa haimufanye kitu. Sasa bapoteze dawa juu yake? Dawa ya bure inatafuta benye kupona."

Mutu wa nje anaweza kutucheka. Lakini dawa yetu ilikuwa ya mradi, bila kulipa, na kila mumoja wetu aliota juu ya orodha ya majina na mukono wa kufuta. Na sisi wote tulipita shule hizi zetu. Chini ya tano umeanguka. Ukianguka mara moja unarudilia darasa. Ukianguka tena wanakuambia utafute shule ingine. Tulikuwa wamaman, wengine wenye wajukuu, lakini ukimukalisha mutu kwenye benchi, ukamupa kalamu, ukasimama mbele yake na karatasi, amerudi mutoto. Mumoja alisema ukiwa chini ya nusu wanakurudilisha dawa nyekundu tangu mara ya kwanza. Hakuna aliyemubishia.

"Sasa tuandike ngapi?" nikauliza.

Hapa niseme wazi: ni mimi niliyeuliza. Maman Nabintu hakunilazimisha.

"Dix ni ya Mungu," akasema. "Neuf ni ya mwalimu. Siye, huit inatutosha."

Benchi zima likacheka, na benchi zima likaandika nane. Maman Nabintu hakusoma vizuri, kwa hiyo nilimusomea maulizo, na majibu yake niliyajua mbele ya kuuliza: hapana kabisa, hapana kabisa, hapana kabisa, kidogo. Ile kidogo alipenda iwepo. "Ili basiseme tulikopia," alisema.

Nyumbani Papa Esther alisimama, akanipa mukono kama inspecteur. "Huit! Grande distinction!" Esther akapiga vigelegele. Mume wangu aliwaambia wenzake shuleni, na Jumapili mbele ya kanisa watu nisiowajua vizuri waliniambia, maman, tumesikia unaendelea.

Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa woga tu. Hapana, kulikuwa na mengine. Madame Odette alikuwa akitafuta mushipa wangu kwa subira, anapashia mukono wangu joto kati ya mikono yake. Kuandika "sana kabisa" mbele yake nilikuwa ninaona kama kumushitaki. Na kwetu, mutu akikuuliza habari, unasema tuko tu, tunashukuru, hata kama jeneza liko sebuleni. Sikufundishwa namna ingine ya kujibu. Lakini haya ni maelezo, na maelezo mutu anayatafuta baadaye.

Nane ile ikaanza kufanya kazi yake nyumbani. Dada ya mume wangu, ambaye alikuja kutoka Walungu kutusaidia kupika na kufua, alirudi kwake. Hakuna aliyemufukuza. Walizungumza wenyewe, wakaona mutu wa nane hahitaji kulindwa, na yeye alikuwa na shamba linalomungojea. Nilimusindikiza mimi mwenyewe mpaka barabarani, nikitabasamu. Niliporudi nikakaa chini njiani mara tatu.

Dawa ya maji ilianza mwisho wa mwezi wa nne, mvua bado nzito. Ni kweli haikunitapisha. Ilianzia kwenye ncha za vidole. Kwanza ni kama umevaa glavu nyembamba. Kisha glavu inakuwa nzito. Kisha unashika kitu, na ni macho yanayokuambia kwamba umekishika.

Mwezi wa tano ni wakati wa komunyo ya kwanza, na hapa Kasha nguo nyingi nyeupe zinapita mikononi mwangu. Nilikuwa nimekataa nyingi, nikakubali moja, ya binti wa jirani. Nilikuwa ninashona pindo kwa mukono, Esther akiwa mbele yangu anabandika vifungo.

"Maman! Damu!"

Kulikuwa na matone matatu kwenye nyeupe. Nilimuangalia yeye, nikimutafutia kidonda. Yeye aliniangalia mimi. Sindano ilikuwa imesimama ndani ya kidole changu cha kati, imeingia hasa, na mimi nilikuwa ninaendelea kuvuta uzi.

"Haina kitu," nikasema. "Leta maji ya baridi na chumvi, itatoka."

Ilitoka. Juma lile lile nilikaa benchini na karatasi. Ulisikia ganzi mikononi au miguuni? Niliandika hapana kabisa. Nilikuwa nimebakiza mara mbili tu mbele ya kumaliza zote, na nikajiambia, nikimaliza nitasema. Chini nikazungushia nane. Kalamu niliishika kwa vidole vyote vitano, kama mutoto wa maternelle.

Siku chache baadaye nilitoa sufuria ya maharagi motoni. Niliona nimeishika. Ilianguka, na maji ya moto yakamupata Esther muguuni. Haikuwa mbaya sana, lakini alilia kwa sauti, na Papa Esther akatoka mezani na biki yake mukononi.

"Lakini ni nini, Maman Esther? Kule hospitali unapata huit, hapa nyumbani njo unakuwa mugonjwa?"

Niliinama nikamumwagia Esther maji ya baridi muguuni. Yeye ni mwalimu, anaamini points, na kila namba aliyokuwa nayo nilimupa mimi. Lazima niandike pia kwamba mwezi wa pili mutu huyuhuyu alimwaga beseni langu la kutapikia bila kugeuza uso, na alikuwa anaenda kuchota maji saa kumi na moja asubuhi mbele ya kwenda shule, na mashati yake alijipigia pasi mwenyewe. Maji alikuwa ameacha kuchota siku nilipopata nane ya tatu. Nilimuambia mimi mwenyewe kwamba ninaweza.

Mara ya saba ilikuwa mwanzo wa mwezi wa sita, mvua ya mwisho mwisho. Tulikuwa tumekaa, Maman Nabintu anakata muwa, na muke mumoja akaingia na mwavuli, amenenepa kidogo, nywele fupi zimeota. Maman Nabintu alishika kisu hewani.

"Yee, Nyamuzinda Mungu wangu! Zawadi? Si balikufukuza?"

"Kunifukuza? Nani?" Maman Zawadi akacheka. "Munganga aliona ile deux yangu, akaniita. Akapunguza dawa, akanipeleka siku ya jeudi, kwa bale anaangaliaka yeye mwenyewe. Leo nakuja kwa kontrole tu. Maman, miguu yangu ilikuwa inakufa! Ona sasa." Akatoa muguu kwenye sandali, akachezesha vidole vyote. "Iko narudia. Bila ile karatasi ningekuwa natambaa."

Hakuna aliyecheka. Maman Nabintu aliangalia muwa wake kama kitu ambacho mutu amemuachia.

"Sasa siye tulikuwa tunaandika nini?" akasema, na hakumuuliza mutu yeyote.

Waliita jina langu. Nyuma ya pazia Madame Odette alinipa kalamu nisaini. Ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka.

"Maman Esther, vidole viko namna gani?"

"Haina kitu," nikasema. Kinywa kilisema chenyewe, kilikuwa kimezoea. Kisha nikasikia ninalia, na nikasema, "Madame, karatasi zangu ni za uongo. Zote, tangu ya pili."

Alikwenda akaleta dosye yangu, faili lenye karatasi zote, akazipanga juu ya kitanda. Nane, nane, nane, nane, nane. Alikaa. Miezi yote ile sikuwahi kumuona Madame Odette amekaa.

"Mimi nilifurahia hizi huit," akasema polepole. "Siku moja niliona za benchi yote zinafanana. Nikasema Mungu ni mukubwa, bamaman bangu banaendelea. Nilipaswa kuuliza." Siandiki hilo ili nimushitaki. Siku ile peke yake alikuwa na watu wa kujaza vyumba vitatu, na mikono yake ni miwili kama ya kila mutu.

Munganga alikuja, akanipima vidole kimoja kimoja.

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya tano."

"Ungesema kwa ya tano..." Hakumaliza. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliamua dawa isimame pale, sitapata ya saba wala ya nane.

"Lakini sijamaliza," nikasema. "Na ugonjwa?"

"Tutakuwa tunakufuata."

"Na vidole vitarudi?"

"Kuna wenye vinarudia. Kuna wenye havirudie. Tutangojea, maman."

Hivyo nikatoka mulangoni na vitu viwili vya kungojea, na hakuna hata kimoja ambacho mikono yangu inaweza kukifanyia kazi. Maman Nabintu alinishika kanzu. Alitaka kujua. Nilimuambia yote, nikamuambia na yeye aseme. Alitikisa kichwa.

"Mi huit yangu inabaki. Nikibadilisha leo, bataniona muongo tangu mwanzo."

Sikuweza kumubishia, sababu mimi mwenyewe, nyumbani, nilifanya hivyohivyo. Papa Esther aliposikia dawa imesimamishwa alifikiri nimemaliza mbele ya wengine. "Balikuruhusu mapema!" akasema, na alifurahi sana. Nilipaswa kumusahihisha palepale. Nilisema ndiyo. Kuhusu mashine ya kushonea, ambayo ilikuwa imefunikwa kikwembe tangu siku ya nguo nyeupe, nilisema mukono wa upande wa operesheni unachoka. Aliamini. Sikumudanganya sana, nilijiambia. Mukono kweli ulikuwa unachoka.

Niseme sasa jambo moja kwako, wewe uliye njiani kwenda benchini, kabla sijafika mwisho. Mimi sijui kutoa shauri, lakini hili ninalijua kwa kazi yangu. Mbele ya kuandika, jipime kwa kitu. Funga kifungo macho yakiwa yamefumba. Shika punje moja ya maharagi. Hesabu ulikaa chini mara ngapi kutoka kisimani. Kisha andika hicho, hata kama kinakuaibisha, hata kama jirani yako wa benchi ana namba nzuri kuliko yako. Karatasi ile ni metre. Haimupigi mutu fimbo. Mimi niliyewakatalia wamaman wa Bagira nzima viuno vyao vya ndoa, nilijikatia nguo ya uongo, na bado nimeivaa.

Mwisho wa mwezi wa sita vumbi lilikuwa tayari juu ya migomba, na nikaitwa kontrole yangu ya kwanza. Karatasi ileile. Nilikaa peke yangu mwisho wa benchi. Nywele zangu zilikuwa zimeota kama za kifaranga, ninakula tena sambaza, sijatapika tangu mwezi wa nne. Hayo niliyaweka upande mumoja, sababu ni kweli na haifai kuyaficha. Upande wa pili niliweka vidole kumi. Ganzi: sana kabisa. Jamaa: sana. Nilifika kwenye mustari wa namba nikataka kuzungushia nne. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile Esther ndiye aliyenifunga vifungo vya kanzu, akanifunga na sidiria yenye pamba upande wa kushoto, akiangalia pembeni ili nisione aibu. Nikaondoa moja. Nilizungushia tatu. Duara halikufunga vizuri, lakini ilionekana ni tatu.

Nilifika nyumbani saa nane ya muchana. Ilikuwa wakati wa examen za mwisho wa mwaka, meza imejaa kopi za majibu ya watoto, na Papa Esther yuko katikati yake na biki nyekundu.

"Umepata ngapi?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Trois."

Aliinua kichwa. Alingojea nicheke.

"Sijawahi kupata huit," nikasema. "Hata siku moja. Nilikuwa ninaandika tu. Hawakuniruhusu mapema, Papa Esther. Walisimamisha dawa sababu mikono yangu imekufa. Maharagi yale sikuyaachilia, sikujua kama nimeyashika."

Nilifikiri atakasirika, na kusema haki, angekuwa na sababu. Watu wangapi aliwaambia? Alifunga kopi iliyokuwa mbele yake, akaisukuma pembeni. Akavuta kiti kingine kwa muguu.

"Kaa. Leta mukono."

Nikauweka juu ya meza. Alifunika biki kwa kifuniko chake, kisha kwa kile kifuniko akagusa ncha ya kidole changu kidogo.

"Funga macho. Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

Alikwenda kidole kwa kidole, polepole, kama anavyomuongoza mutoto kusoma mustari. Mukono wa kuume, kisha wa kushoto. Kila hapana, sauti yake ilikuwa inashuka. Alipofika kwenye kidole gumba cha kushoto, cha mwisho, alibonyeza muda murefu zaidi, na akaliuliza lile ulizo namna ambayo nilijua jibu analolitaka. Nilikuwa nalo tayari kinywani. Lingemutosha kwa siku ile.

"Hapa, Maman Esther? Kidogo tu?"

"Hapana," nikasema. "Hapo pia hapana."